Korona ya mkonge: iuzwe skrepa au ibaki?

Swali: Shikamoo mhandisi. Kikundi chetu cha vijana hapa Korogwe kimepangishwa kiwanda cha mkonge kilichofungwa. Tunataka karakana ya useremala na ukumbi wa ngoma. Korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ina kutu na imejaa katikati ya jengo. Baadhi ya wazee, watoto wa manamba (vibarua walioletwa mashambani kutoka mbali), wanataka ing'olewe kwa kuwa iliwatesa baba zao. Wengine hawataki iguswe. Paa nalo tunaambiwa ni la asbesto. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Naanza na paa, maana hilo linaua. Asbesto isiyovunjika haina hatari kubwa. Hatari huja mkiitoboa, mkiikata au mkifagia vumbi lake likiwa kavu. Nyuzi zake hukaa mapafuni, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo msipande kufunga taa. Kuliezua ni kazi ya watu waliofunzwa, kwa utaratibu wa NEMC, baraza la taifa la mazingira: huloweshwa, hufunguliwa bila kuvunjwa, kisha hufungwa ndani ya plastiki nene. Pimeni pia kama udongo wa chumba cha injini na wa mahali transfoma ilipokaa una sumu, kabla ya kupanda mboga yoyote. Kule Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1985 kiligeuzwa bustani ya umma, na sehemu ya uchafu wenye sumu ikafungiwa humohumo ndani ya maghala ya zege.

Sasa korona. Msitegemee Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iwaamulie. Majengo inayoyalinda moja kwa moja ni ya kabla ya 1863, na mkonge ulifika nchini mwaka 1893. Kiwanda chenu hakimo mpaka kitangazwe rasmi. Someni mkataba: huenda mashine si mali yenu hata kidogo, na kuuza boliti moja kukawa wizi.

Kama uamuzi ni wenu, mimi nasema ibaki. Wazee wanaoichukia wana haki kamili. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakafanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kulala kambini. Mkiing'oa, wageni wataona ukumbi mzuri tu. Lakini msiipake rangi ikawa pambo la kupigia picha. Japani iliahidi mwaka 2015 kueleza habari za Wakorea waliolazimishwa kufanya kazi katika maeneo kama mgodi wa kisiwa cha Hashima. Mwaka 2021 Kamati ya Urithi wa Dunia ikasikitika kwamba ahadi haikutimizwa ipasavyo. Nanyi rekodini wazee wa pande zote mbili kabla ya kufungua, na msiwapatanishe kwenye maandishi, wakipingana, wapingane.

Kiufundi, ondoeni mikanda yote, fungeni magurudumu ya kukwangua yasizunguke, na wekeni uzio ambao mtoto hawezi kupenyeza mkono. Ukumbi uhamishieni upande wa brashi, pale nyuzi zilipokuwa zikisafishwa. Karakana isikae chini ya paa lile hadi liezuliwe, kwa sababu mtikisiko wa mashine za mbao unatosha kudondosha vumbi.