Wasomaji Wanauliza: Nani Hana Ajira, Nani Hahesabiwi?

SWALI: Mwanangu alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Alizunguka kutafuta kazi mpaka akachoka, sasa yuko nyumbani tu. Nasikia ukosefu wa ajira umepungua. Je, yeye yumo kwenye hesabu hiyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa Tanzania yumo, mradi yuko tayari kufanya kazi, lakini angekuwa nchi nyingine huenda asingeonekana kabisa.

Takwimu hizo hutoka kwenye utafiti wa nguvukazi (yaani wenye kazi pamoja na wanaohesabiwa hawana ajira) wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ule wa 2014 ulionyesha takriban 10%, na wa 2020/21 takriban 9%. Mdadisi huanza na siku saba zilizopita: je, mwenye miaka 15 au zaidi alifanya, hata kwa saa moja tu, kazi ya kumpatia malipo au faida? Aliyesaidia kuuza kwenye genge la familia anahesabiwa ana kazi, hata kama hakushikishwa senti. Ikiwa hakufanya, wala hana kazi inayomsubiri baada ya likizo au ugonjwa, anaulizwa mambo mawili: katika wiki nne zilizopita alifanya nini kutafuta kazi, na akiipata sasa yuko tayari kuanza?

Kwa kipimo cha kimataifa, asiye na kazi ni yule tu aliyetafuta na aliye tayari. Aliyekata tamaa hutolewa nje ya nguvukazi, akawekwa kundi moja na wanafunzi na wastaafu, yaani watu wasioshiriki shughuli za kiuchumi. Tafsiri ya kitaifa ya Tanzania ni pana zaidi: aliye tayari kufanya kazi huhesabiwa hata kama ameacha kutafuta.

Tuchukue kijiji chenye watu wazima 100. Wenye kazi ni 60, wanaotafuta ni 5, na 35 wako nje ya nguvukazi. Nguvukazi ni 65, hivyo kiwango ni 5 kwa 65, karibu 7.7%. Sasa watatu kati ya wale watano wakate tamaa. Nguvukazi inabaki 62, wasio na ajira 2, na kiwango kinashuka hadi 3.2%. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Lakini tukiwahesabu na waliokata tamaa, tuseme ni 10 tangu mwanzo katika wale 35, kiwango cha mwanzo kingekuwa 15 kwa 75, yaani 20%, na kisingetikisika hao watatu walipoacha kutafuta. Kwa hiyo ukisikia kiwango kimeshuka, uliza kwanza kama wenye kazi wameongezeka.

SWALI: Mimi ni diwani. Nataka kujua vijana wangapi katani hawana shughuli, ili nipeleke hoja halmashauri. Niwaulize wenyeviti wa mitaa? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Mwenyekiti atakupa makadirio, na makadirio hayo huegemea vijana wanaoonekana kijiweni. Wasichana walioko ndani wanalea wadogo zao hawaonekani kijiweni, nao mara nyingi ndio wengi kati ya wasiosoma na wasiofanya kazi.

Usiulize “Una kazi?” Kwa masikio yetu kazi ni ya ofisini, yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Dereva wa bodaboda anayelipa hesabu ya tajiri kila jioni atakujibu “sina kazi, nabangaiza”, na mama wa vitumbua atasema “nipo tu nyumbani”. Wote wawili utawaandika vibaya. Uliza badala yake: “Katika siku saba zilizopita, ulifanya nini kilichokuingizia pesa, hata kidogo? Kwa saa ngapi?” Saa ni muhimu, maana aliyepata kibarua cha siku moja na anayetaka siku sita hana tatizo la ukosefu wa ajira kwenye karatasi, ila njaa anayo.

Muulize kijana mwenyewe, si mkuu wa kaya. Baba hujibu anavyotamani iwe. Nenda jioni au Jumapili. Ukienda saa tano asubuhi utawakuta wasio na shughuli na kuwakosa wenye shughuli, kisha idadi itavimba. Andika pia mwezi uliokusanya: hesabu ya wakati wa palizi na ya kiangazi hazilinganishwi.

Kwa asiyefanya na asiyetafuta, swali la kubeba uzito wote ni moja: kwa nini? Tenganisha majibu: anasoma, anaumwa au ana ulemavu, analea, hana nauli ya kwenda kutafuta, ametafuta akakosa, anasubiri msimu. Hapa ndipo hoja nyingi za halmashauri huharibika, kwa kuwapa wote dawa moja, yaani mkopo. Mikopo ya ile 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4%, vijana 4%, watu wenye ulemavu 2%), iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, haina riba na inafaa kwa aliye na biashara inayokosa mtaji. Binti anayelea anahitaji kwanza mahali pa kumwacha mtoto. Anayeumwa anahitaji tiba. Ukimpa mkopo asiye na soko, umemwachia deni.

SWALI: Mke wangu huamka saa kumi na moja, huchota maji, hulima, hupika. Kwa nini aandikwe hafanyi kazi? (Msomaji, Singida)

JIBU: Asiandikwe hivyo. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi duniani walikubaliana kutenganisha kazi na ajira. Kulima chakula cha nyumbani, kuchota maji, kupika na kulea vyote ni kazi. Ajira ni ile tu ya malipo au faida. Rwanda ilipoanza kutumia kipimo hicho, wakulima wa chakula cha nyumbani walitoka kwenye orodha ya wenye ajira, na kiwango cha ukosefu wa ajira kikapanda, ingawa mashambani hakuna kilichobadilika.

Mdadisi akija, mkeo ajibu mwenyewe, ataje saa za kila shughuli na aseme wazi kama mazao aliuza au mlikula. Zile saa za kuchota maji ndizo zinazomwonyesha mpangaji wa bajeti kisima kimoja kingerudisha muda kiasi gani kwa wanawake wa kijiji.