Alteneta mpya, waya wa choki unaning'inia: niuunge wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Ford F-150 ya 1984 ya kabureta, nabeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba kwenda Igoma, hapa Mwanza. Nimetoa alteneta ya zamani yenye katauti (kidhibiti cha volti za chaji) ya nje, nimefunga ya amp 130 ya mtindo wa 3G, toleo la baadaye la Ford lenye katauti ndani. Waya wa choki ya umeme (sahani inayobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi, na kufunguka ikipashwa joto na umeme) umebaki hauna pa kwenda. Sasa moshi mweusi hadi nafika, na petroli inaisha upesi. Jirani anasema niuunge kwenye koili ya cheche.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwenye koili hapana. Waya unaolisha koili ya Ford za miaka hiyo una ukinzani unaopunguza volti makusudi. Ukiongeza choki hapo, cheche inadhoofika na choki yenyewe haishibi.

Choki yako ya asili ilikuwa inakula kwenye terminali ya “stator” ya alteneta (nyaya tuli za ndani zinazozalisha umeme, si stata ya kuwashia injini), yaani ile yenye alama STA. Hapo mita husoma kama volti 7 injini ikiwa inazunguka, na sifuri ikizimwa. Huo ndio uzuri wake: choki haipati umeme mpaka injini iwake. Ukiunga kwenye swichi ya ufunguo peke yake, halafu ukakaa mwaloni unasikiliza redio huku ukisubiri mzigo, choki itapata joto na kufunguka injini ikiwa bado baridi, kisha utapiga stata mpaka betri ilie.

Alteneta yako mpya bado ina terminali hiyo, ila imeandikwa S. Angalia soketi ya waya tatu: wa njano unatoka betri, wa kijani wenye mstari mwekundu ni wa taa ya chaji, na mweupe wenye mstari mweusi unarudi kwenye pini moja ya peke yake mgongoni mwa alteneta. Huo wa mwisho usiukate. Toa tawi juu yake, lisodee, lifunike vizuri, upeleke kwenye choki. Washa injini, pima. Ukipata kama 7, umemaliza kuunga.

Lakini kwanza kagua kifuniko cha choki, kile cha duara ubavuni mwa kabureta ambacho waya huo unaingia. Kama kabureta ilishabadilishwa ukawekewa ya kampuni ya Holley au Edelbrock, choki hiyo inataka volti 12 kamili, na ukiilisha 7 itachelewa kufunguka na moshi utabaki palepale. Hiyo ilishe kutoka kwenye swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi na swichi ya presha ya oili ya aina inayofunga saketi presha ikipanda. Ile ya taa ya oili ya kawaida hufanya kinyume, usiitumie moja kwa moja. Na kifuniko cha asili usikipe 12: kitafunguka mapema mno na waya wake wa ndani unaweza kuungua.

Jambo jingine hukuliuliza, ila linanitia wasiwasi. Waya mkuu wa chaji wa zamani haukutengenezwa kwa amp 130, unaweza kuwaka. Vuta mpya wa milimita za mraba 25 hadi betri, na fyuzi ya amp 150 hadi 175.

Ziwa letu Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo na kabureta inaelekea kuzidisha petroli. Moshi ukibaki baada ya kuunga, weka alama kwenye kifuniko, kilegeze, kizungushe nukta moja upande wa kupunguza petroli. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kichujio cha hewa, washa injini, uitazame sahani ya choki: ndani ya dakika chache iwe imesimama wima.