Gorogoro iliyobonyea kitako

SWALI: Shalom, rabi. Nauza mahindi na maharagwe sokoni kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka. Juzi asubuhi nilitoka kusikia shofari, baragumu yetu ya pembe, kisha nikiisuuza gorogoro nikaona kitako kimebonyea kwa ndani. Kusema kweli nilijua tangu Pasaka, nikanyamaza, lakini siku hiyo mikono iliniganda. Mwaka wetu mpya umekaribia. Je, nikifunga Yom Kipuri, siku ya upatanisho, itatosha? Wateja wengi ni wapita njia, siwajui hata kwa sura.

JIBU: Shalom, ndugu yangu. Usilidharau lililokugandisha mikono. Rambam, mwalimu wetu mkuu wa sheria, katika karne ya 12 aliandika kwamba shofari inawaambia waliolala waamke, wachunguze matendo yao, warejee. Ndiyo maana wengi wetu huipiga asubuhi za Eluli, mwezi mzima kabla ya Rosh Hashana, mwaka wetu mpya. Wewe umeisikia mara ya pili kwenye beseni la kuoshea vyombo, na sauti ni ile ile.

Kufunga peke yake hakutoshi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, inasema wazi katika sehemu iitwayo Yoma: Yom Kipuri haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe. Basi anza na wateja wako wa kila wiki. Nenda kwao kabla ya Rosh Hashana, waeleze, wapimie kilichopungua, waombe radhi. Anayekataa, mrudie hadi mara tatu. Najua aibu yake mbele ya majirani wa soko, wala siwezi kukuondolea.

Wapita njia ndio mzigo wenyewe. Talmudi, mijadala ya marabi wa kale, inasema adhabu ya vipimo vya uongo ni nzito kuliko hata ya zinaa, kwa kuwa aliyepunja hajui amrudishie nani. Hata hivyo haikumfungia mlango. Inasimulia habari za Abba Shaul ben Botnit, aliyeona kwamba povu la divai kwenye vipimo linambakishia kidogo kidogo. Akakusanya mitungi 300, akaipeleka kwa watunza hazina wa Yerusalemu. Wakamwambia hadaiwi, akasema hataki kisicho chake. Basi, wakamjibu, kifanyie jambo la watu wote. Na jambo hilo ni nini? Rav Hisda, mmoja wa marabi hao, akataja visima, mitaro na mapango ya kuhifadhi maji.

Wapo watakaokushauri umpe maskini mmoja sadaka, yaishe. Mimi sikushauri hivyo. Huenda maskini huyo hajawahi kununua kwako, lakini maji ya sokoni hata mpita njia hunywa. Kadiria ulichopunja tangu Pasaka, usijihurumie kwenye hesabu, kisha ukitoe kwa tangi au bomba la soko lenu.

Gorogoro hiyo iondoke, isibaki hata ya kunyweshea kuku. Torati inakataza kuwa na efa, yaani kipimo cha nafaka, mbili nyumbani, kubwa na ndogo, na Talmudi ikakataza kuweka kipimo pungufu hata kiwe chombo cha kukojolea.

Rambam anasema toba kamili huonekana mtu anapopata nafasi ile ile ya kukosa, uwezo akiwa nao, akajizuia. Kwa hilo hutasubiri Yom Kipuri. Siku ya soko ijayo, bei ya mahindi imepanda na hakuna anayekutazama, utakuwa umekaa pale pale, mbele ya gunia lile lile, na gorogoro nyingine mkononi.