Ateri ya mkono: waya au kisu? Daktari ajibu maswali

Kaka yangu kaanguka na bodaboda, ateri (mshipa unaopeleka damu mkononi) nyuma ya mtulinga imepasuka. Tunasikia siku hizi wanaziba kwa waya bila kupasua. Tudai hiyo?

Hapo waya unastahili sifa zake. Ateri ile imejificha. Kuifikia kwa kisu huenda kukalazimu kukata mtulinga au kufungua kifua, tena kwa mtu aliyekwisha kupoteza damu. Waya hupitishwa kinenani au mkononi huku daktari akiangalia kwenye eksirei, halafu stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma, iliyovishwa kitambaa inafunguka ndani ya mshipa na kuziba tundu.

Lakini presha ikiwa chini na damu haisimami, ni kisu. Ateri ikikatika vipande viwili, waya mara nyingi hukosa njia ya kuvukia. Na bonge la damu likigandamiza neva za kwapani, stenti hailiondoi, lazima mtu aingie alitoe. Kwa hiyo msidai kifaa kama mnachagua simu dukani. Ulizeni kama mashine ipo na mwenye kuitumia yupo usiku huo. Kama hakuna, kaka apasuliwe.

Nimekatwa na kioo juu ya kiwiko. Stenti?

Hapana. Mshipa uko karibu na ngozi na kidonda kiko wazi. Unashonwa, au unaungwa kwa kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguuni.

Nina miaka 24, nimewekewa stenti begani. Mkono hauumi, kliniki ya nini?

Kwa sababu hiyohiyo ya miaka 24: utaishi na stenti hiyo miaka mingi. Stenti yako inabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza kila unyanyuapo mkono. Inaweza kupinda, kuvunjika, au kuziba polepole huku mishipa ya pembeni ikificha tatizo. Meza dawa ulizopewa, nenda kapimwe. Wa rika lako ndio wanaoacha kuja kliniki mapema.

Mshipa umeungwa, mkono una joto, lakini umelegea kabisa. Daktari kakosea?

Huenda hajakosea. Bega likivutwa kwa nguvu, kama mtu anapotupwa kutoka kwenye pikipiki, neva zinaweza kung'oka kwenye uti wa mgongo dakika ileile. Damu tunairudisha. Neva ni kazi nyingine, na zilizong'oka hivyo haziungwi tena mahali pake. Ndugu waambiwe haya kabla ya kutia saini, na hapo nawalaumu wenzangu.

Mtoto kadondoka mwembeni, kavunjika juu ya kiwiko. Mapigo hayapo ila vidole vina joto. Tusubiri asubuhi?

Unanisoma bado? Nenda. Mfupa ukinyooshwa, mara nyingi mapigo hurudi. Mkono ukibaki mweupe na baridi, ateri inafunguliwa usiku huohuo. Nimeshapokea mtoto aliyefungwa vijiti na kamba na fundi wa mifupa: vidole vyeusi kama mkaa wa jana, na mama anauliza kuhusu waya.

Damu ikichuruzika, tufunge kamba?

Swali hili sasa limenichosha. Gandamiza kwanza, kwa nguvu, bila kufunua kila dakika. Ikishindikana, funga kitambaa kipana kati ya kidonda na bega, ukikaze kwa kijiti mpaka damu isimame, na andika saa. Kwapani hakuna pa kufunga: shindilia kitambaa safi ndani na ukandamize hadi hospitali. Misuli isiyopata damu huanza kufa ndani ya takribani saa 6, na hizo zinahesabiwa tangu ajali, si tangu mlipopata gari.

Mapigo ya kifundo cha mkono yapo. Mshipa uko salama?

Si lazima. Damu huzungukia njia za pembeni. Pimeni presha mikono yote miwili mlinganishe.