Jibu: Dexter iliyorudi, itazame

Dadangu, umeuliza kama kuna haja ya kumtazama Dexter aliyerudi, yule mtaalamu wa damu wa polisi anayewaua wauaji kwa siri katika tamthilia ya Marekani, ilhali mwisho wa tamthilia hiyo mwaka 2013 ulikukata maini. Ipo, tena kubwa. Hata sisi hapa Kibokoni tuliulalamikia barazani mpaka kahawa ikapoa. Auzamishe mwili wa dadake baharini, aelekeze boti kwenye kimbunga, kisha tumkute mkata magogo, kanyamaza, anatukodolea macho? Hakuna aliyemdai chochote!

New Blood, mwendelezo wa 2021 wenye vipindi 10, ilisimamiwa na Clyde Phillips, yule yule wa misimu minne ya mwanzo, na ndiyo iliyokuwa mitamu. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuufuta ule mwisho wala kusingizia ilikuwa ndoto. Alimleta Harrison, mtoto aliyetelekezwa, sasa kijana, aje kumuuliza babake maswali ambayo sisi watazamaji tuliyabeba miaka yote hiyo. Wawili hao wakikaa meza moja, huwezi kubanduka.

Kipindi cha mwisho cha New Blood chaenda mbio kupita kiasi, jiandae. Resurrection, mwendelezo mwingine wa 2025, yaendelea kutoka hapo, kwa hivyo usianze nayo.