Wasomaji Wanauliza: Riwaya kwa Mtoto Ambaye Wazazi Wake Wameachana

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu. Ninamlea mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 10, tangu wazazi wake walipoachana. Baba yake amehamia Dodoma, mama yake anafanya kazi Dar es Salaam, naye yuko nami mpaka mambo yatulie. Anapenda mno kusoma, Kiswahili na Kiingereza, lakini ukimgusia habari za wazazi wake ananyamaza au anaondoka. Nimesikia kwamba zipo riwaya za watoto zinazohusu jambo hili. Je, kumpa kitabu cha namna hiyo si kumtonesha kidonda? Na kama si vibaya, nianze na kipi?
Mama mdogo, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hofu yako ni ya mlezi mwenye upendo, lakini naomba uitazame kwa upande wa pili. Mtoto wa miaka 10 anayenyamaza wazazi wake wanapotajwa hajalisahau jambo lenyewe. Analiwaza usiku na mchana, na kwa hiyo kitabu hakiwezi kumletea huzuni asiyokuwa nayo. Kinachoweza kumletea ni habari kwamba yuko mtoto mwingine aliyewahi kuwaza yale yale ambayo yeye anaona haya kuyatamka: kwamba pengine yeye ndiye chanzo cha ugomvi, kwamba akishika nafasi ya kwanza darasani watarudiana, kwamba akimpenda baba atakuwa amemsaliti mama.

Ningeanza na Dear Mr. Henshaw, riwaya ya Mmarekani Beverly Cleary iliyotoka mwaka 1983 na kupewa Nishani ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto ya Marekani, mwaka uliofuata. Cleary aliiandika baada ya wavulana wawili kumwomba kitabu juu ya mtoto ambaye wazazi wake wameachana, na inaonekana wazi kwamba aliwasikiliza. Mhusika wake, Leigh Botts, anaishi na mama yake katika mji mdogo wa California, katika shule mpya ambako hana rafiki, huku baba yake akiendesha lori la masafa marefu na kuahidi kupiga simu ambazo hazipigi. Kitabu kizima ni barua ambazo Leigh anamwandikia mwandishi anayempenda, pamoja na kurasa za shajara yake.

Kuna mahali ambapo Leigh, baada ya kuchoka kusubiri, anampigia baba yake mwenyewe. Baba anajitetea, anamweleza kwamba mbwa wao amepotea njiani, na wakiwa bado wanazungumza Leigh anasikia sauti ya mtoto mwingine wa kiume nyuma ya simu ikiuliza wanakwenda kula piza saa ngapi. Cleary hatoi mawaidha yoyote hapo, wala hatuambii kwamba baba ni mtu mbaya. Anaiacha sauti hiyo isikike, na kila mtoto aliyewahi kusubiri simu ya mzazi anajua mara moja kilichotokea kifuani mwa Leigh.

Lakini sababu kubwa ya kukuchagulia kitabu hiki ni kengele. Kuna mtu shuleni anayeiba vitu vitamu katika mfuko wa chakula cha Leigh, na Leigh anaamua kutengeneza kengele ya betri itakayolia mfuniko wa kisanduku chake ukifunguliwa. Anauliza watu wazima, anasoma vitabu vya maktaba kuhusu betri, anaunganisha nyaya, na siku ya siku kengele inalia bwaloni kwa kelele kubwa mno, aliyekifungua kisanduku akiwa ni yeye mwenyewe kwa sababu alitaka kula. Mwizi hajulikani mpaka mwisho. Hata hivyo watoto wenzake wanataka nao kengele kama ile, na kwa njia hiyo anampata rafiki. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, riwaya nzuri ya aina hii inapotofautiana na mbaya: haimtwishi mtoto kazi ya kuitengeneza ndoa ya wazazi wake, inampa kazi inayolingana na mikono yake, na inamwachia furaha ya kuifanikisha hata kama ndoa imebaki pale pale ilipovunjikia.

Sasa, kuhusu namna ya kumpa. Usimkabidhi ukimwambia, «Hiki kinakuhusu wewe.» Kiweke pamoja na vitabu vingine viwili vitatu visivyohusiana na jambo hilo, kisha mwache achague. Akikianza na kukiacha, usimuulize kwa nini. Ikiwa Kiingereza chake bado kinamchelewesha, kisome wewe kwanza, kisha msimulie sura moja moja kwa Kiswahili jioni mkiwa jikoni, kwa maana watoto wa umri huo husema mengi zaidi wakiwa wanamenya vitunguu kuliko wakikalishwa kitini na kuulizwa. Na akisema «huyo Leigh ni mjinga, angeacha tu kupiga simu», mjadili Leigh. Usigeuze mazungumzo haraka kumhusu yeye, tayari anajizungumzia.

SWALI: Ninaandika riwaya ya Kiswahili kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 12. Mhusika mkuu ni mvulana ambaye wazazi wake wamefikishana barazani na baadaye mahakamani. Wenzangu waliosoma muswada wananishauri niwarudishe wazazi pamoja katika sura ya mwisho, kwa kuwa watoto hupenda mwisho mwema. Mimi nasita. Aidha, ninapata shida kumchora mama wa kambo.
Mwandishi, Tanga

JIBU: Ndugu mwandishi, endelea kusita. Wenzako wanayo hoja, na mtetezi wao mkubwa ni Mjerumani Erich Kästner, ambaye mwaka 1949 alichapisha Das doppelte Lottchen, hadithi ya mapacha waliogawanywa na wazazi wao wakiwa wadogo, Luise akikulia Vienna kwa baba na Lotte akikulia Munich kwa mama. Wanakutana kwenye kambi ya likizo bila kujua kwamba ni ndugu, wanagundua ukweli, wanabadilishana nguo, mitindo ya nywele na wazazi, na mwishowe baba na mama wanaoana upya. Kampuni ya Disney imeitengenezea filamu kwa jina la The Parent Trap mwaka 1961, na tena mwaka 1998, kwa hiyo wengi wetu tunaijua hadithi hii hata kama kitabu hatujakishika.

Namheshimu sana Kästner kwa ujasiri wake. Katikati ya hadithi anasimama kuwajibu watu wazima wanaoona kwamba talaka si habari ya kitabu cha watoto, na anawakumbusha kwamba duniani wako watoto wengi wanaoumia kwa sababu wazazi wao wameachana, na wako wengine wengi wanaoumia kwa sababu wazazi wao hawataki kuachana. Hiyo ni kauli ya mtu anayewajua watoto. Lakini mwisho wake unanitia wasiwasi, na si kwa sababu wazazi kurudiana ni jambo lisilotokea. Hutokea, na likitokea tunashukuru. Wasiwasi wangu ni kwamba wanarudiana kutokana na juhudi za watoto. Msomaji wako wa Tanga ambaye naye amejaribu, ambaye amejifanya mgonjwa ili baba aje, ambaye amewapigia wote wawili siku ya sikukuu ili wakutane sebuleni, atakifunga kitabu akijiuliza kwa nini wale waliweza naye akashindwa. Mlinganishe na Leigh: mbwa wake anapatikana, baba anakuja naye hadi mlangoni, mama anakataa kurudiana, na Leigh anamwachia baba yule mbwa ili asafiri akiwa na mwenzake ndani ya lori. Baba akiondoka, Leigh anahisi huzuni na nafuu kwa wakati mmoja. Mwisho huo ni mwema, nao hauna hata chembe ya uongo.

Kwa kuwa umemfikisha mtoto wako mahakamani, na kwa kuwa hadithi iko Tanzania Bara, nakusihi uisome Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kabla ya kuandika sura hizo. Sheria hiyo inataka mgogoro upitie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya ombi la talaka kupelekwa mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Inachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Na inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake. Angalia jambo hilo lina uzito gani kwako: wasomaji unaowalenga wamekwisha kuvuka miaka 7, na ndio hasa wanaoweza kuulizwa wanataka kuishi na nani. Mtoto hahitaji kusomewa vifungu. Anachohitaji ni kukaa na mhusika wako kwenye benchi nje ya mlango, shati la shule likiwa limepigwa pasi na shangazi, huku akijua kwamba jina lolote atakalolitaja ndani litamliza mmoja wa watu wawili anaowapenda.

Jacqueline Wilson wa Uingereza aliligusa swali hilo vizuri katika The Suitcase Kid, riwaya ya mwaka 1992 ambayo sura zake zinafuata herufi za alfabeti kuanzia A hadi Z. Andy anaishi wiki moja kwa mama na wiki moja kwa baba, kila mmoja akiwa na mwenzi mpya na watoto wa kambo, naye anahama na sanduku lake na sungura mdogo wa kuchezea aitwaye Radish. Anachokitaka yeye hakimo katika yale anayopewa kuchagua: anaitaka nyumba yao ya zamani. Wazazi hawarudiani. Anachopata ni bustani yenye mforsadi, na wazee wenye bustani hiyo wanaomkaribisha kwao.

Kuhusu mama wa kambo, tatizo lako ni letu sote. Ngano tulizosimuliwa zimemfanya awe mnyanyasaji hata kabla hajafungua mdomo, na mtoto anayehamia kwa baba anamkuta amekwisha kuhukumiwa. Usimgeuze malaika kwa kutaka kurekebisha hilo. Mtoto atakugundua kwenye ukurasa wa pili. Soma Goggle-Eyes ya Anne Fine, iliyotoka mwaka 1989 na kupata Nishani ya Carnegie, tuzo ya vitabu vya watoto ya Uingereza. Kitty anamchukia Gerald, mchumba wa mama yake, kwa chuki kamili, na Gerald ana kasoro za kweli: ana maoni yake juu ya kila kitu, hasa umeme unaoachwa ukiwaka. Chuki inapungua kwa sababu Gerald anaendelea kuwepo na habadiliki kila siku. Tena hadithi yote Kitty anamsimulia msichana mwenzake, Helen, aliyejifungia kulia kwenye kabati la shule la vitu vilivyopotea. Katika riwaya yako nani anamsimulia nani? Kama msimulizi ni mtu mzima mwenye hekima, mwondoe, na umpe mvulana wako mwenzake wa dawati moja wa kuzungumza naye.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Darasani kwangu wako watoto ambao wazazi wao hawakuachana, ila mama amekwenda kufanya kazi za nyumbani Oman au Saudia, na mtoto amebaki kwa bibi. Je, vitabu hivi vinawafaa?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Vinawafaa kwa sehemu, mwalimu. Hamu, hasira na kusubiri simu ni vile vile, lakini mtoto huyu ana mzigo wake wa pekee: anajua kwamba karo na sare vinatokana na safari ya mama, kwa hiyo anaona hana haki ya kulalamika. Usimpe kitabu ambacho mzazi aliye mbali ni mzazi asiyejali, kwa maana hilo halimhusu na litamuumiza bure. Barua za Leigh zitamgusa, nami ningezitumia kama kielelezo cha kuandika badala ya kusoma tu. Mpe kila mtoto daftari ambalo ataandikia yale ambayo hakuyasema kwenye simu, kwa sababu simu ilikuwa fupi, au bibi alikuwa amekaa pembeni, au mama alianza kulia. Baadhi watayasoma baadaye na kumtumia mama kwa sauti kwenye WhatsApp. Wengine hawatayatuma kamwe. Daftari hilo usilisahihishe tahajia wala kulipa alama, na usilifungue mpaka mtoto mwenyewe akuletee.