Nyumba yake, simu za wapangaji zangu

*Shangazi, tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ana nyumba aliyoinunua kabla hatujaoana, tumeipangisha. Mwaka jana kwenye makaratasi ya kodi ilionyesha hasara ya dola 14,000. Mishahara yetu jumla ni 128,000. Sasa anataka kila mtu afaili kivyake: nyumba yake, hasara yake. Lakini mimi ndiye ninayechagua wapangaji na kupigiwa simu bomba likipasuka usiku. Nimeumia.*
*Mama Wawili*

Mama Wawili, pole mwanangu. Tuanze na hesabu, maana kuna waume ambao namba huwaingia haraka kuliko machozi.

Tangu sheria ya 1986, Marekani hairuhusu hasara ya nyumba ya kupangisha ipunguze mshahara unaotozwa kodi hivi hivi. Anayeshiriki kuiendesha nyumba ndiye huachiwa kukata hadi dola 25,000 za hasara. Mapato yakivuka 100,000, kila dola inayozidi inakula senti 50 za nafuu hiyo. Yakifika 150,000 imekwisha. Ninyi mmezidi kwa 28,000, nusu yake imeliwa, kwa hiyo mmebakiwa na 11,000. Mkifaili pamoja mnakata hizo. Zile 3,000 za hasara zinazobaki hazipotei, zinasubiri kwenye fomu ya kodi namba 8582 mpaka nyumba ilete faida au iuzwe.

Mkifaili mbalimbali huku mnalala paa moja? Sifuri. Hata ile nusu, 12,500, ni ya wanandoa walioishi mbalimbali mwaka mzima. Mumeo anataka kulinda hasara yake kwa kuifungia kabatini.

Na huko kushiriki ni nini? Ni kukubali wapangaji, kupanga pango, kuidhinisha matengenezo. Sheria inahesabu kazi ya mke pamoja na ya mume, hata kama jina lako halipo kwenye hati. Hizo simu zako za usiku zina thamani kuliko anavyodhani!

Mwambie na hili: mwaka huu mkiongeza 6,000 kwenye akiba ya uzeeni ya kazini, ile 401(k) ya kawaida, mapato yanashuka hadi 122,000, na hasara kama hiyo ingekatwa yote.

Kaeni mezani, kalamu ushike wewe. Usitie sahihi kabla ya kusoma kila ukurasa, kwani mkifaili pamoja deni la kodi ni lenu wote wawili. Neno lake la "nyumba yangu" liulize siku nyingine, makaratasi yakishatumwa, watoto wakiwa wamelala.